Namba ya Kosa na Wajibu wa Mwongozo: Historia Fupi ya errno katika Lugha ya C

Makala hii inachunguza jinsi misimbo ya makosa ilivyoelezwa katika miongozo ya lugha ya C, tangu mfumo wa Unix wa miaka ya 1970 hadi mwaka 2019. Hoja yake kuu ni kwamba namba ya kosa haikuwahi kujitosheleza. Maana yake ilitegemea maandishi yaliyoambatana nayo, na maandishi hayo yalipokaa kimya, hasara ilimwangukia mwenye data.

Unix ilibuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani. Toleo la kwanza la mwongozo wake lilitoka Novemba 1971, wakati mfumo wenyewe ukiandikwa kwa lugha ya asembli. Mwito wa mfumo uliposhindwa, biti moja ya kichakataji cha PDP-11 iliwashwa. Lugha ya C, ambayo mwaka 1973 ilitumika kukiandika upya kiini cha mfumo huo, haikuwa na njia ya kuisoma biti hiyo. Suluhisho likawa kurejesha thamani isiyoweza kuwa jibu halali, aghalabu -1, na kuweka sababu ya kosa katika kigeu cha pamoja kilichoitwa errno. Mwongozo wa Toleo la Sita, la mwaka 1975, uliorodhesha makosa hayo na kutoa tahadhari: kigeu hicho hakifutwi mwito unapofaulu, hivyo kisomwe tu baada ya kosa kutokea.

Tahadhari hiyo haikumaliza utata. Kwa mfano, strtol, inayogeuza maandishi kuwa namba, hurejesha LONG_MAX namba inapozidi kiwango. Lakini LONG_MAX yaweza pia kuwa jibu sahihi. Mwandishi wa programu hulazimika kuweka sifuri katika errno kabla ya kuiita, kisha kuikagua baadaye. Kiwango cha ANSI cha mwaka 1989 kilitaja majina mawili tu ya makosa, EDOM na ERANGE. Aidha, kiliruhusu kitendaji cha maktaba kubadili errno hata pasipo kosa, ilimradi maelezo ya kitendaji hicho hayataji matumizi ya errno. Kwa kanuni hiyo, kuwepo au kutokuwepo kwa sentensi katika maelezo kuliamua kama namba hiyo inaaminika.

Kiwango cha POSIX cha mwaka 1988 kilikuwa kimekwenda mbali zaidi. Kila kitendaji kilipewa orodha yake ya makosa, na makosa yanayolazimu kuripotiwa yakatenganishwa na yale yanayoripotiwa pale tu yanapogunduliwa. Mwaka 1995, nyuzi za utekelezaji zilipoingizwa katika kiwango hicho, kila uzi ulipewa errno yake, ilhali vitendaji vipya vya nyuzi vilirejesha namba ya kosa moja kwa moja.

Hata hivyo, orodha hizo zilieleza zaidi sababu ya kosa kuliko hali inayobaki baada yake. Athari ya pengo hilo ilidhihirika mwaka 2018 katika mjadala wa hifadhidata ya PostgreSQL. Mwito wa fsync, unaoamuru data iandikwe kwenye diski, uliporejesha EIO, PostgreSQL iliweza kuurudia kwa kuamini kwamba data bado inasubiri kuandikwa. Katika Linux, kurasa za kumbukumbu zilizoshindwa kuandikwa ziliweza kuhesabiwa kuwa safi. Mwito wa pili ukafaulu ilhali data haikufika kwenye diski. Jina la kosa lilikuwemo katika mwongozo tangu zamani, lakini ruhusa ya kurudia ilikuwa dhana ya msomaji. Februari 2019, PostgreSQL ilibadilishwa ili, kwa kawaida, isimame na kurejesha data kutoka katika kumbukumbu yake ya miamala.

Kwa kuhitimisha, historia ya errno inaonesha kwamba miongozo ilijibu hatua kwa hatua maswali matatu: kosa ni lipi, lisomwe lini, na ni la uzi upi. Swali la nne, yaani nini kimebaki salama baada ya kosa, lilijibiwa kwa nadra. Mwongozo usiolijibu swali hilo haujakamilika, hata kama umeorodhesha kila namba.