Silia: Vijinywele vya seli vinavyolinda mapafu na ubongo

Mwili wa binadamu una walinzi wasioonekana kwa macho. Juu ya seli za pua, za mirija ya hewa na za vyumba vya ndani vya ubongo kumeota vijinywele viitwavyo silia. Hupiga kwa mfuatano, mithili ya makasia, na kusukuma majimaji yaliyo juu yake.

Silia za njia ya hewa

Seli moja ya mirija ya hewa hubeba silia zipatazo 200, nazo hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Juu yake hutanda ute unaonasa vumbi na vijidudu. Silia huusukuma ute huo hadi kooni, ukamezwa au kutemwa. Moshi wa tumbaku huzidhoofisha, na mvutaji hulazimika kukohoa ili atoe uchafu ambao silia zingeuondoa kimyakimya.

Silia za ubongo

Ndani ya ubongo mna vyumba vyenye majimaji, ambayo kwa mtu mzima hutengenezwa takriban nusu lita kwa siku. Mapigo ya moyo huchangia pakubwa kuyaendesha, na silia huyasukuma kandokando ya kuta. Maambukizi yakifika humo, seli zenye silia huharibika, makovu huziba njia, na majimaji hujaa. Fuvu la mtoto mchanga bado halijaungana, hivyo kichwa hutanuka.

Funzo kutoka Mbale

Mashariki mwa Uganda, chini ya miamba ya Wanale, hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale imewatibu watoto wa aina hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005, daktari wa upasuaji Benjamin Warf, raia wa Marekani aliyehudumu hapo, alichapisha taarifa za watoto 300: takriban asilimia 60 waliugua kutokana na maambukizi.

Upasuaji ulioendelezwa Mbale hutumia kifaa chembamba chenye kamera kutoboa njia mpya ya majimaji na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyatengeneza. Watoto wengi huepuka kuwekewa mrija wa kudumu, unaoweza kuziba wakiwa mbali na hospitali. Hata hivyo, upasuaji haurejeshi silia zilizoharibika. Kwa hiyo homa kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba au kichwa kinachokua upesi ni dalili za kumfikisha kituo cha afya bila kukawia.