Kofia ya Ngozi katika Anga ya Ukambani

Rubani Beryl Markham alipokuwa akizunguka juu ya Makindu na uwanda wa Yatta, huko Ukambani nchini Kenya, katika miaka ya 1930 kutafuta tembo, ndege yake aina ya Avro Avian haikuwa na paa. Kichwa kilikuwa nje, mbele yake kioo kifupi tu, na upepo wa propela ukimpiga usoni. Kofia ya ngozi tunayoiona katika picha za marubani wanawake wa zama hizo wengi huichukulia kama pambo. Ilikuwa kifaa cha kazi.

Itazame kwa karibu. Ngozi laini imeshonwa vipande vipande ili ibane kichwa bila kuacha mwanya wa upepo. Pembeni kuna vifuniko vya masikio, chini mkanda wa kidevuni, na juu ya paji miwani mikubwa ya kuzuia vumbi na matone ya oili. Katika ndege za mafunzo, mpira wa kupitishia sauti uliunganishwa kwenye vifuniko hivyo. Mwalimu akizungumza kwenye mdomo wa mpira, mwanafunzi humsikia licha ya ngurumo ya injini. Mtindo wa nywele fupi wa miaka ya 1920 uliwafaa wanawake hawa, maana shungi kubwa lisingeenea humo.

Walowezi waliliogopa mno jua la Afrika, wakavaa chepeo ngumu au kofia pana za kitambaa maradufu. Angani hizo hazifai. Upepo ungezipeperusha mara moja. Hivyo Maia Carberry, aliyerusha ndege nchini kabla ya Markham na kufa katika ajali Nairobi Machi 1928, alitangulia katika kazi iliyodai vazi lake lenyewe.

Markham alifundishwa na rubani Tom Campbell Black, akapata leseni ya biashara mwaka 1933. Kazi ya Ukambani ilikuwa kumtafutia msasi Bror Blixen na wateja wake tembo wenye pembe kubwa. Akiwaona, aliandika ujumbe, akautia katika mfuko wenye tepe ndefu za rangi na kuuangusha kwa wasasi. Rubani wa kazi hiyo huruka chini chini, jicho likiwa vichakani, huku mkono ukiongoza ndege. Miwani ikiingia vumbi, hatari iko palepale. Ustadi wake nauheshimu. Kazi yenyewe inaniuma, kwa kuwa iliwanyima tembo wa Yatta maficho yao.

Septemba 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia kwa Vega Gull, ndege yenye chumba kilichofungwa. Ilipotua kwa kishindo kwenye matope, aliumia paji la uso. Kofia ya ngozi iliumbwa kwa ajili ya upepo, haikuumbwa kuhimili pigo.

Vyumba vilivyofungwa vikaenea, na kofia ikaanza kupoteza kazi. Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, alipokuwa nahodha wa Boeing 787 mwaka 2014, kilichobaki kichwani ni vipokea sauti vya masikioni.