Mafundi wa Yoashi na Taa ya Saa 1,000

Tunaposoma habari za mfalme Yoashi katika Wafalme wa Pili, sura ya 12, wengi wetu hukumbuka lile kasha lenye tundu kwenye kifuniko, tukalifanya somo la matoleo. Tujiulize pia, fedha zile zilikuwa za kazi gani? Zilikuwa za kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Mwaka wa 23 wa utawala wake kazi hiyo ilikuwa bado haijafanyika. Wakaitwa maseremala, waashi na wachonga mawe, na wasimamizi waliokabidhiwa fedha za kuwalipa walikuwa waaminifu hata hawakudaiwa hesabu.

Kwa karne nyingi wanadamu waliishi kwa kutengeneza. Nguo ilitiwa kiraka, jembe likapelekwa kwa mhunzi. Kitu kilikuwa ghali kuliko kazi ya mikono. Viwanda viligeuza hesabu hiyo. Kitu kipya kilishuka bei, na ujira wa fundi ukaonekana mkubwa.

Lakini bei si sababu pekee. Desemba 1924 makampuni makubwa ya taa za umeme, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yaliunda huko Geneva, Uswisi, umoja ulioitwa Phoebus. Balbu za wakati huo ziliweza kuwaka saa 1,500 na zaidi. Wao wakapatana ziwake saa 1,000. Balbu za kila kiwanda zilipimwa, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu mno kilitozwa faini. Walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi hutoa mwanga zaidi kwa umeme uleule, na jambo hilo lina ukweli. Hata hivyo, mnunuzi alirudi dukani mapema.

Mwaka 1932, Marekani ikiwa katika mdororo wa uchumi, Bernard London, dalali wa nyumba na viwanja huko New York, alichapa kijitabu akipendekeza serikali iwekee kila bidhaa muda wa kuishi, na atakayeendelea kutumia kitu kilichopitwa na muda wake alipe kodi. Hakusikilizwa. Lakini leo hatuhitaji sheria hiyo. Betri ya simu imegandishwa kwa gundi, nasi wenyewe tunaona haya kushika simu ya zamani. Matokeo yake yalionekana Agbogbloshie, Accra, nchini Ghana, ambako vijana walichoma nyaya za vifaa vilivyotupwa ili wapate shaba, huku wakivuta moshi wenye sumu.

Ndugu zangu, tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Wengi wetu tuliacha kwenda kwa fundi siku alipotuambia "njoo kesho" mara tano, au alipochomoa kifaa kizima akaweka kibovu. Uaminifu ukifa, hata redio iliyokatika waya mmoja hutupwa. Na mafundi hao wengine tunaketi nao benchi moja kanisani.

Basi somo la Yoashi lina pande mbili. Wewe mwenye kitu, kabla hujakitupa, kipeleke kwa fundi na umlipe haki yake. Nawe fundi, fanya kazi kama wale ambao hawakudaiwa hesabu. Nyumba ya Bwana ilisimama tena kwa sababu palikuwa na watoaji na mafundi wa kuaminika.