Umbali wa Dawa: Kutoka Nyankunde hadi Ndoo za Bunia

Historia ya tiba huko Ituri, mashariki mwa Kongo, ni historia ya umbali. Baada ya uasi wa Simba wa 1964, misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliunganisha nguvu na kuikuza Nyankunde, kilomita zipatazo 40 kutoka Bunia, kuwa hospitali kubwa yenye shule ya wauguzi. Waanzilishi walijua kwamba jengo peke yake halimfikii mgonjwa wa msituni. Ndege ndogo za shirika la kimisheni la MAF ziliwapeleka madaktari vituo vya mbali, na wauguzi waliosoma pale walitawanyika vijijini. Hata hivyo chumba cha upasuaji, dawa na mabingwa vilibaki mahali pamoja. Tarehe 5 Septemba 2002 wanamgambo waliivamia Nyankunde, wakaua watu kote mjini, wagonjwa wakiuawa hata vitandani. Walionusurika walikimbilia Oicha kwa miguu, na sehemu kubwa ya Ituri ikabaki bila hospitali yake ya rufaa. Mwaka uliofuata, Bunia yenyewe ikiwaka moto, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali ndani ya jengo lililokuwa duka, Bon Marché. Tiba ililetwa pale watu walipokuwa.

Somo hilo lilirudi na Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287 katika Kivu na Ituri. Kinga haikungojwa hospitalini. Ilikaa mlangoni pa shule, kanisa na soko: ndoo ya plastiki juu ya kiti cha mbao, robineti chini ubavuni, beseni la kupokea maji, harufu ya klorini ikibaki vidoleni. Hata mtoto wa darasa la kwanza aliweza kuitumia. Lakini ilihitaji mtu wa kuijaza kila asubuhi. Ndoo kavu haikingi mtu.

Kwa mantiki hiyohiyo natetea kifaa cha kushtua moyo mashuleni na sokoni Bunia. Mwaka 1965, huko Belfast, daktari Frank Pantridge alikitoa hospitalini akakipakia kwenye ambulensi, kwa sababu wagonjwa wa moyo walikufa kabla ya kufika. Moyo ukitetemeka bila mpangilio, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Vifaa vya leo hutumia betri, hutoa maelekezo kwa sauti, na hukataa kushtua moyo usiohitaji.

Watakaosema malaria inaua zaidi wanasema kweli, na sitaki senti moja itolewe kwenye vyandarua. Pingamizi zito zaidi ni jingine: baada ya mshtuko, mgonjwa apelekwe wapi? Huduma za moyo ni haba, na barabara si salama. Ndiyo maana ningeanza na mikono: walimu na wauzaji wa sokoni wafundishwe kukandamiza kifua, kazi isiyodai umeme wala fedha nyingi. Kisha vifaa vichache viwekwe karibu na hospitali inayoweza kumpokea mgonjwa, kila kimoja kikiwa na mlinzi anayejulikana kwa jina, kwa sababu betri huisha na pedi za kubandika kifuani hukauka, na mtu wa kuzikagua ni lazima apatikane kabla kifaa hakijanunuliwa.