Handaki la mtandao: Jinsi IPv6 inavyopitishwa ndani ya IPv4

Kila tarakilishi, simu au mtambo uliounganishwa na intaneti hutambulika kwa anwani yake, na anwani hiyo huandikwa kwa kufuata kanuni ziitwazo itifaki ya intaneti. Hivi leo kuna matoleo mawili ya itifaki hiyo yanayotumika sambamba: toleo la 4, ambalo wataalamu huliita IPv4, na toleo la 6, yaani IPv6. Matoleo haya hayasikilizani. Mtambo unaojua toleo la 4 pekee hauwezi kuisoma pakiti ya toleo la 6, wala kuipeleka inakokwenda. Handaki, katika lugha ya mafundi wa mitandao, ni mbinu ya kuipitisha pakiti ya toleo moja katika eneo linalotawaliwa na toleo jingine, bila ya kuibadilisha mitambo yote iliyo njiani.

Chanzo cha haja hii ni uhaba. Maelezo ya IPv4 yalichapishwa Septemba 1981, na mnamo Januari 1, 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukahamia itifaki hiyo. Mitambo iliyohusika wakati huo ilikuwa michache mno, ndiposa iliwezekana kuteua tarehe moja ya kuhama. Anwani ya toleo hilo ina biti 32, kumaanisha kwamba haziwezi kupatikana anwani zaidi ya 4,294,967,296, idadi ambayo ni ndogo kuliko ya watu duniani. Hifadhi kuu ya kimataifa iliisha Februari 3, 2011. AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius ambalo hugawa anwani barani Afrika, liliingia katika awamu ya mwisho ya kubana mgao wake Januari 2020. Afrika haikuwa ya mwisho kwa sababu ya busara ya kuweka akiba; ilichelewa tu kuanza kula.

IPv6, ambayo maelezo yake yalitolewa Desemba 1998 na kurekebishwa Julai 2017, ina anwani za biti 128. Idadi yake ni takriban 340 ikifuatwa na sufuri 36. Hata hivyo, intaneti ya leo haiwezi kuhamishwa kwa siku moja kama ARPANET. Takwimu za Google zinaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya watumiaji wake ulimwenguni huifikia kupitia toleo la 6. Waliosalia wangali katika toleo la 4. Baina ya makundi hayo ndipo mahandaki yanapochimbwa.

Msomaji aliyewahi kuvuka Likoni kwa feri atalielewa jambo hili upesi. Gari haliwezi kuelea. Likifika ukingoni huingia ndani ya feri, feri hulivusha kama mzigo, na ng'ambo ya pili gari hushuka na kuendelea na safari kwa magurudumu yake. Vivyo hivyo, ruta iliyo mwanzo wa handaki huichukua pakiti ya IPv6 nzima nzima na kuitia ndani ya pakiti ya IPv4. Juu yake huandikwa anwani ya ruta iliyo mwisho wa handaki, pamoja na nambari 41, ambayo ni ishara kwamba mzigo uliomo ni wa toleo la 6. Mitambo ya katikati huona pakiti ya kawaida ya IPv4. Ruta ya mwisho huvua ganda hilo la nje na kuiachilia pakiti iendelee.

Anayetaka kuweka handaki la aina hii sharti kwanza awe na anwani ya IPv4 ya hadharani iliyo yake pekee. Hapa ndipo wengi hukwama. Wateja wengi wa intaneti ya simu, na baadhi ya wale wa majumbani, hugawana anwani moja ya hadharani kupitia mtambo wa kampuni inayowahudumia. Mtambo huo huwatofautisha wateja kwa nambari za milango ya mawasiliano, na pakiti yenye nambari 41 haina milango. Ikifika hapo hakuna ajuaye ni ya nani, nayo hutupwa. Dawa ni kuiomba kampuni anwani isiyobadilika, ambayo aghalabu hulipiwa.

Pili, awepo mwenyeji wa upande wa pili. Hurricane Electric, kampuni ya California nchini Marekani, imekuwa ikitoa mahandaki bila malipo kwa miaka mingi. Mteja hujisajili, hutaja anwani yake ya IPv4, huchagua kituo, kisha hupewa fungu la anwani za IPv6. Katika ruta yake huandika anwani mbili za nje (yake na ya kituo), anwani ya ndani ya handaki, na agizo kwamba pakiti zote za toleo la 6 zipitie humo.

Uteuzi wa kituo si jambo la kupuuza. Iwapo kituo kiko Ulaya, pakiti ya IPv6 inayotoka Nairobi kwenda Mombasa itasafiri hadi Ulaya na kurejea. Kenya ilijenga kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili kuepuka mizunguko ya aina hiyo. Handaki lililoelekezwa mbali huirejesha kwa mlango wa nyuma.

Tatizo linalowasumbua mafundi zaidi ni ukubwa wa pakiti. Njia ya kawaida hubeba pakiti ya hadi baiti 1,500. Ganda la IPv4 huchukua baiti 20, kwa hiyo pakiti ya ndani haiwezi kuzidi 1,480. Feri ina kikomo cha mzigo. Pakiti ikizidi, ruta hurudisha ujumbe wa kumwarifu mtumaji aipunguze. Kwa bahati mbaya wasimamizi wengine, kwa kudhani wanaimarisha usalama, huzuia jumbe hizo zote. Matokeo yake ni hitilafu ya kustaajabisha: majaribio madogo hufaulu, tovuti huanza kufunguka, kisha hukwama nusu njia. Fundi asiyejua hulaumu laini ya simu. Tiba ni kuruhusu jumbe hizo na kuweka kikomo cha 1,480 katika handaki, au hata 1,280, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachokubalika katika IPv6.

Kulikuwa na jaribio la kuondoa usumbufu huu wote kwa mahandaki yanayojichimba yenyewe. Mbinu ya 6to4, iliyotangazwa 2001, haikuhitaji makubaliano na yeyote: mtambo ulituma pakiti kwa anwani moja ya pamoja, na ruta yoyote ya karibu yenye hisani ikazipokea. Udhaifu ulikuwa katika hisani hiyo. Ruta hazikuwa na mwenye kuwajibika, baadhi zilikuwa mbovu, na mtumiaji hakuwa na wa kumlalamikia. Matumizi ya anwani hiyo ya pamoja yalikomeshwa rasmi 2015.

Nyingine ni Teredo, ya 2006, iliyobuniwa na Christian Huitema wa Microsoft ili kupenya hata pale anwani zinapogawanwa. Jina lake ni la mdudu wa baharini atoboaye mbao za vyombo, adui ambaye mafundi wa majahazi wa pwani yetu wamekuwa wakimpinga kwa kupaka deheni. Jina lilisadifu kuliko ilivyokusudiwa, kwa maana Teredo ilitoboa pia kuta za ulinzi za afisi nyingi bila ya wasimamizi kujua.

Kinyume cha hayo ni kisa cha kampuni ya Free nchini Ufaransa. Mwishoni mwa 2007 iliwafikishia wateja wake IPv6 kwa muda wa wiki tano tu, ikitumia mbinu ya Rémi Després inayofanana sana na 6to4, ila kwa tofauti moja: ncha zote mbili za handaki zilikuwa mikononi mwa kampuni yenyewe.

Suala la ulinzi lataka uangalifu wa pekee. Handaki la kawaida halifichi siri. Yeyote aliye njiani aweza kuyasoma yaliyomo. Isitoshe, ukuta wa ulinzi unaokagua toleo la 4 pekee huona ganda tu. Na pindi handaki linapofunguliwa, kila tarakilishi ya afisi, hata printa, hupata anwani inayofikika kutoka popote duniani. Afisi ya uhasibu au zahanati yenye rekodi za wagonjwa haina budi kuandika kanuni za ulinzi za IPv6 kabla ya kulifungua. Wasiotumia handaki wazuie itifaki nambari 41 pamoja na mlango 3544 wa UDP unaotumiwa na Teredo.

SixXS, huduma ya Ulaya iliyotoa mahandaki bure, ilifungwa Juni 6, 2017, wasimamizi wake wakilalama kuwa kampuni za intaneti zilikuwa zikiwaelekeza wateja kwao badala ya kuwaletea IPv6 halisi. Kwingineko mambo yamegeuka: katika mbinu ya DS-Lite, iliyosanifiwa 2011, mtandao wa kampuni ni wa toleo la 6, na IPv4 ndiyo ibebwayo handakini.

Mwenye handaki ambaye sasa ameletewa IPv6 na kampuni yake akumbuke kwamba fungu la anwani alilopewa awali ni mali ya mwenye kituo. Sharti abadilishe anwani za seva zake na rekodi za jina la tovuti yake, asubiri siku kadhaa rekodi za zamani zisahaulike, ndipo alifunge.