Tiba ya jeni: nje ya mwili au ndani?

Tarehe 14 Septemba 1990, huko Bethesda, Marekani, mtoto wa kike wa miaka minne aliyezaliwa bila kinga ya kutosha alitundikiwa dripu ya chembe nyeupe za damu. Zilikuwa zake mwenyewe. Madaktari walizitoa, wakazitia jeni aliyoikosa wakiwa maabara, kisha wakamrudishia. Hali yake ilitengemaa, ingawa aliendelea pia na dawa yake ya kawaida.

Hiyo ndiyo njia ya nje ya mwili. Njia ya pili, ya ndani, haitoi kitu mwilini: jeni hubebwa na virusi vilivyoondolewa makali, vikaingizwa moja kwa moja. Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18, alichomwa virusi vya aina hiyo kwenye mshipa wa ini katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kinga yake ikalipuka. Siku nne baadaye akafariki. Chembe zikiwa maabara zinaweza kukaguliwa kwanza. Virusi vikishaingia mwilini, haviitwi vikarudi.

Hata hivyo, njia ya nje nayo ilijeruhi. Mwaka 2002, Paris, watoto waliotibiwa hivyo walianza kuugua saratani ya damu, kwa sababu jeni mpya ilitua jirani na jeni inayochochea saratani na kuiamsha.

Tofauti nyingine kubwa, kati ya kuongeza jeni na kukata iliyopo, ilionekana wazi tarehe 8 Desemba 2023, Marekani ilipoidhinisha tiba mbili za ugonjwa wa selimundu siku moja. Lyfgenia huongeza jeni nzima ya kutengeneza himoglobini isiyopindisha chembe za damu. Casgevy haiongezi jeni. Hukata sehemu ndogo inayozima himoglobini ya mtoto aliye tumboni, na mwili ukaanza kuitengeneza upya.

Zote mbili hufanyika nje ya mwili. Mgonjwa hutolewa seli za uboho, huharibiwa uboho uliobaki kwa dawa kali, kisha hukaa hospitali wiki kadhaa. Bei ya kwanza Marekani: dola milioni 3.1 kwa Lyfgenia, milioni 2.2 kwa Casgevy. Wagonjwa wengi wa selimundu wako Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi. Kwao, gharama hiyo ni mlango uliofungwa.

Ndiyo maana naitazama kwa hamu ile njia ya ndani iliyomuua Gelsinger mwaka 1999. Oktoba 2019, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates ziliahidi dola milioni 100 kila upande, kutafuta tiba ya selimundu na VVU itakayofanya kazi ndani ya mwili na kumudiwa hata katika nchi maskini.