Madenge Yuko Darasa la Ngapi?

Jioni ikishaingia Kaniha, huku Biharamulo kunakopakana na Ngara, simu moja hutosha watoto sita. Mwenye bando, au mwenye memori kadi iliyojazwa video dukani, ndiye mwenye enzi. Katuni inachezwa, wanacheka, kisha ubishi unaanza. Akili ana miaka mingapi? Mmoja anasema minne, maana ndivyo ilivyosemwa. Mwenzake anauliza: minne tangu lini? Katuni ya Akili and Me ilianza mwaka 2016, na waliokuwa na miaka minne wakati ule leo wanavaa sare za sekondari. Yeye kila akilala anakwenda zake Lala Land kwa rafiki zake wanyama, akiamka ni mtoto yuleyule, chini ya Kilimanjaro ileile.

Watu wazima wakipita husema watoto hawa hawana kazi. Mimi niko upande wa watoto. Ubishi wao ni mzee kuliko simu, mzee kuliko gazeti, na katika nchi ambayo kurasa za katuni zilifungiwa maandazi mara tu zilipokwisha kusomwa, wabishi ndio waliokuwa maktaba.

Anzia kwa Abunuwasi. Mwenye jina hilo alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia mwaka 786 hadi 809. Pwani ya Waswahili ikamfanya mjanja wa hekaya, na bara akaingia kwa midomo ya wasafiri na vitabu vya shule. Katika hekaya moja yeye na mkewe wanajifanya wamekufa ili wapate fedha. Katika nyingine yumo barazani kwa sultani kana kwamba hakuna aliyewahi kumlilia. Hilo watoto husamehe. Wasilosamehe ni msimuliaji kusema ng'ombe mahali ambapo jana alisema punda. Hapo bibi atakatizwa katikati ya sentensi, kwa adabu zote, mpaka amrudishe punda wake.

Ulaya nako, hadithi za mfululizo zilipoanza kuchapwa, wasomaji walishikwa na homa hiyohiyo. Arthur Conan Doyle alimpa Daktari Watson, rafiki wa Sherlock Holmes, jeraha la risasi begani katika kitabu cha 1887. Katika kitabu cha 1890 jeraha limehamia mguuni. Mwaka 1911 Ronald Knox, msomi wa Oxford, aliandika insha nzima akizichambua hadithi hizo kwa mbinu walizotumia wanatheolojia kuchambua Maandiko. Alitania, lakini waliomfuata walishika kazi hiyo kwa moyo wote, na bega la Watson halijapoa hadi leo.

Kwetu, katuni za magazeti ndizo zilizozaa wabishi wa kweli. Kenya ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau tangu miaka ya 1950, akadumu kwa vizazi. Tanzania ilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, lakini picha moja ya siku moja haina jana. Unacheka, unafunga gazeti. Mambo yaligeuka lilipokuja jarida la Sani, lililopata jina lake kwa waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo walikaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe, na Madenge, mtoto mtundu wa shule. Hawa walikuwa na jana. Deni la toleo lililopita lilipaswa kuwafuata katika toleo hili, na kama halikuwafuata, msomaji alijiona ameibiwa.

Huku magharibi mwa Ziwa Viktoria jarida lilikuja kwa basi, baada ya safari ndefu, na toleo likikosekana limekosekana. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima. Aliyekosa toleo alisimuliwa na aliyelisoma, na aliyelisoma alibishiwa na mwingine aliyelisoma pia. Ndipo ilipozaliwa ile kazi ya kijiweni ambayo hatukuwahi kuipa heshima yake: kuunganisha vipande, kupima ushahidi, kukubali kushindwa.

Kisha likaja swali gumu kuliko yote. Philip Ndunguru, ambaye mkono wake uliwapa wengi wa wahusika hao sura zao, alifariki katika miaka ya 1980 akiwa bado kijana. Wachoraji wengine wakawaendeleza. Je, Ndumilakuwili aliyechorwa na mkono mwingine ni yuleyule? Msomaji makini aliona mstari umebadilika, aliona mwendo wa mtu si ule. Naamini hakuna swali la sanaa lililo zito zaidi ya hilo, na lilijadiliwa juu ya mabenchi na watu ambao hakuna aliyewaita wahakiki.

Redio ilizidisha homa, maana redio haina ukurasa wa kurudia. Tamthilia ya Twende na Wakati ilianza Redio Tanzania mwaka 1993, na dereva wa lori Mkwaju akawa gumzo la nchi. Dodoma haikuipata kwa miaka miwili ya mwanzo. Watafiti waliitenga makusudi ili wapime athari ya tamthilia kwa kulinganisha. Nafikiria sana mtu wa Dodoma akisikiliza ndugu zake kutoka mikoa mingine wakimbishania Mkwaju asiyemjua. Hapa kwetu, mwaka 1995, Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera Ngara, kwa ajili ya watu waliokuwa wamevuka kutoka Rwanda na Burundi. Katika kambi ambamo mtu alifika bila hata kitabu kimoja, lililosikika leo lilihifadhiwa vichwani tu, na vichwa viwili havihifadhi sawa.

Vibandaumiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, vikaleta shida mpya: mfasiri. Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alikuwa miongoni mwa waliovuma kwa kuzisimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, na msimulizi wa namna hiyo huongeza chumvi yake. Sinema moja ikapata masimulizi mawili, na kila upande ukaapa kwamba yake ndiyo ya kweli.

Intaneti ilipowakutanisha wabishi wa dunia, walifanya kilekile kwa wino usiofutika. Mwaka 2000 ndugu wawili Wamarekani, Mike na Matt Chapman, waliweka mtandaoni katuni ya vichekesho, Homestar Runner. Walificha vitu vidogo ndani ya picha, uvipate ukibofya mahali pasipo dalili. Mashabiki waliviorodhesha, wakabishana kama kichwa cha mhusika Strong Bad ni kinyago cha mieleka au ndio uso wake. Programu ya Flash iliyoendesha katuni hizo ilipofikia mwisho wake Desemba 2020, tayari kila kitu kilikuwa kimeandikwa na watu walioonekana wanapoteza muda.

Sisi hatukuandika. Katuni ya Ubongo Kids ilipoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, watoto waliwajua wahusika wake Kiduchu na Koba kuliko baba zao walivyowahi kuruhusiwa kumjua Ndumilakuwili, maana video hurudishwa nyuma na jarida limeshaungua jikoni.

Kwa hiyo jioni hapo Kaniha, mzee mmoja aliyekuwa akipita anasikia swali la umri wa Akili, anapunguza mwendo.

"Hata Madenge hakuwahi kumaliza shule," anasema.

"Madenge ni nani, babu?"

Anaangalia barabara, anaiangalia simu, kisha anavuta kigoda. "Nisogezeeni nafasi, wajukuu zangu. Alikuwa na utundu, huyo! Sasa sijui lilitangulia toleo lipi…"